Utepe wa Kijani kwa Minana wa Parklands

Vijana wa maabara, mliniomba niwaandikie kitu kabla sijasahau, nami nikawaomba wiki mbili. Zimekuwa tano. Kustaafu ni kazi ngumu kuliko nilivyoambiwa, na hakuna anayekupa mapumziko ya chai.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Cheo changu kilibadilika mara tatu na kazi ikabaki ileile: kupanda ngazi, kukagua viota, kushuka, kuandika. Mnachopaswa kujua ni kwa nini katika idara yetu kila kiota hufungwa uzi wa katani wenye rangi ya vumbi, na kwa nini aliyeleta uzi wa rangi ya waridi mwaka jana nilimpokonya mbele ya wageni. Mlidhani ni uzee. Kisa hicho kilianza na mimi, tena kilikaribia kunitoa kazini.

Nilifika Nairobi kutoka Bungoma na stashahada ya ufundi wa maabara, barua iliyokunjwa mara nne, na viatu vyeupe. Nilidhani maabara ni mahali pa chupa na koti safi. Aliyenipokea alikuwa Mzee Ondiek, fundi mkuu wa idara, mtu mrefu asiye na haraka, aliyebakiza miaka michache astaafu. Viatu vyangu alivitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoisoma barua.

"Nekesa, hizo ni za kanisa ama za kazi?"

"Za kazi, Mzee."

"Haya. Twende tuzizoeshe."

Tukatoka kwa miguu katikati ya jiji, tukapita Ngara, tukapanda hadi Parklands, yeye akiwa amebeba ngazi begani na mimi nimebeba daftari. Viatu vikazoea. Tulisimama kwenye lango la nyumba ya zamani yenye mgunga mkubwa uliotandaza matawi hadi nje ya ukuta, na mgunga huo ulikuwa umejaa kelele. Kabla hatujaingia alinigeukia.

"Hiyo kitambaa nyekundu ya kichwa utatoa. Hapa hatutaki ndege waangalie wewe. Wewe ndio utaangalia wao."

Nikakivua na kukitia mkobani. Kumbukeni kitambaa hicho, kwa sababu mimi mwenyewe nilikisahau wakati nilipokihitaji.

Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kihindi, mzaliwa wa Parklands hiyohiyo. Kila mtu pale, mpaka askari wa lango, alimwita Ba, yaani bibi. Alituruhusu kuingia msimu wote kwa sharti moja tu, kwamba kila Ijumaa tumweleze ndege gani ameoa na gani bado. Asubuhi alituletea chai ya masala, akavuta kiti chake cha plastiki karibu na vyetu, akaangalia juu pamoja nasi. Alikuwa amewaangalia ndege hao miaka mingi kabla idara yetu haijajua kuwa wapo.

Ndege wenyewe walikuwa minana, wale wafumaji wa manjano wenye uso mweusi. Dume hukata utepe mrefu wa jani bichi, akaanza kwa kufuma pete. Husimama ndani ya pete hiyo akafuma chumba, halafu paa, halafu mlango unaoangalia chini. Akimaliza hujining'iniza mlangoni kichwa chini, akapiga mabawa na kupiga kelele kama redio iliyokosa stesheni. Jike huja bila rangi ya kujivunia na bila haraka. Huingia, huvutavuta majani kwa mdomo hapa na pale, kisha hutoka. Akikubali, hurudi na manyoya laini ya kutandika. Akikataa, huenda kwa jirani, na dume hubaki anapepea peke yake. Kiota kikishakauka na kuwa cha kahawia, majike hawakigusi tena. Basi dume hukivunja kwa mdomo wake mwenyewe na kuanza upya kwenye tawi lilelile.

Siku hizo Simiyu alikuwa bado ananichumbia, na kila tulipokutana alinisifia nyumba aliyojenga kwao. Nilimwambia nitakuja niivutevute kwanza. Hakuelewa, lakini nilikwenda nikasukuma kila nguzo. Imesimama hadi leo, na yeye ndani yake.

Mzee Ondiek alinifundisha mambo machache, lakini aliyafundisha kila siku. Andika kwa penseli, kwa sababu wino hukimbia mvua. Andika papo hapo, kwa sababu ukifika kwenye chai utakuwa umeshaanza kutunga. Ukikosa kuona, andika kwamba hukuona. Siku moja nilijaza nafasi tupu kwa kukisia jike aliingia kiota gani. Alifuta mstari wote, akapuliza vumbi la kifutio, akanirudishia daftari. Nilitamani angenigombeza.

Mkubwa wetu sote alikuwa Prof Mutiso, na kazi ile ilikuwa yake. Aliniuliza siku ya kwanza aliponikuta chini ya mti, "Nekesa, jike anatafuta nini hapo juu?"

"Nyumba nzuri, Prof."

"Nzuri kwa nani?"

Akanieleza mwenyewe, na maelezo yake sijawahi kuyasahau. Jani bichi hupindika bila kukatika, kisha hukauka likiwa limeng'ang'ania tawi. Jani kuukuu huvunjika. Kiota hicho kitabeba mayai, kisha makinda, katikati ya mvua na upepo. Zamani sana walikuwepo majike ambao hawakujali, waliotaga popote, na mayai yao yakaanguka. Waliopenda kijani walikuza watoto, na watoto wao wakarithi kupenda kijani. Hakuna aliyewafundisha. Walioteleza hawakuacha wajukuu, basi.

"Na dume hawezi kudanganya?" nikauliza.

"Atadanganya na nini? Hiyo rangi anaipata tu akifuma leo. Kijani ni jasho lake."

Kazi yetu ilikuwa kuonyesha jambo hilo kwa hesabu, kiota kwa kiota. Kila kiota kilipewa namba kwenye kipande cha bati, na bati likafungwa kwa katani. Tatizo lilikuwa katani. Ilioza kwa mvua, mabati yakadondoka, nami nikashinda nikipanda ngazi kutafuta kiota kipi kilikuwa kipi. Mzee Ondiek alipostaafu na kurudi kwao Siaya, nikabaki mwenye ngazi, na nikapata wazo la kisasa.

Wazo lilikuwa utepe wa plastiki, ule wa kufungia makatoni. Madukani Biashara Street waliutupa kwa mafungu. Niliupata bure, mgumu, haushindwi na mvua, na namba ilishika vizuri ukiandika kwa wino wa kudumu. Nikaukata vipande, nikafunga kimoja kando ya mlango wa kila kiota, na kazi ya siku tatu ikawa ya asubuhi moja. Prof aliutazama kwa darubini akasema, "Hii ndiyo akili." Nilitembea kurudi mjini kichwa kimenivimba.

Utepe ule ulikuwa wa kijani.

Mnacheka sasa. Sisi hatukucheka, kwa sababu hatukuona. Tulikuwa watu wawili wenye elimu na darubini moja nzuri, na tulisimama chini ya mti huo wiki nzima tukiandika kwamba mambo yamegeuka. Majike walikuwa wanaingia viota vikavu. Viota vya kahawia kabisa, ambavyo miaka ya Mzee Ondiek havikupata hata mgeni, sasa vilitandikwa manyoya. Prof alisema labda vitabu vimekosea. Wiki ya pili akaacha kusema labda. Kulikuwa na mkutano mkubwa wa wataalamu kutoka nchi nyingi, hapa hapa katikati ya jiji, na akapeleka mada yake: minana wa Nairobi hawajali kijani. Mimi nilikuwa wa kandarasi ya mwaka mmoja mmoja, na mwaka wangu ulikuwa unaisha baada ya mkutano. Prof aliniambia nisiwe na wasiwasi, kwamba kwa matokeo kama haya hakuna atakayeniuliza kitu.

Ba peke yake ndiye hakufurahi. "Hawa mama wa ndege wamekuwa wajinga mwaka huu," alisema. "Mimi sijapenda."

Mvua ya mawe ilishuka alasiri moja ya masika. Nilifika kesho yake nikamkuta Ba amechutama kwenye sakafu ya mawe chini ya mgunga, ana bakuli la chuma mkononi, anaokota. Viota vilikuwa vimetapakaa. Mayai yalikuwa yamepasuka, na katika kiota kimoja kulikuwa na makinda wawili wasio na manyoya, wamekufa wakiwa wamebanana. Viota vibichi vilikuwa vimebaki juu vikibembea. Vilivyoanguka karibu vyote vilikuwa vikavu, na kila kimoja kilikuwa na utepe wangu mlangoni, safi, unang'aa kama siku nilipoufunga.

Nilisaidia kuokota. Nilihuzunika, lakini bado sikuwa nimeelewa, na ninalisema hilo kwa sababu kuna watu husimulia makosa yao kana kwamba waliyashuku tangu mwanzo.

Aliyenifungua macho alikuwa mwizi. Kwenye tawi la chini, karibu na dirisha la jikoni, kulikuwa na dume mmoja ambaye kiota chake sikukifunga utepe kwa sababu vipande vilikuwa vimeniishia. Kiota chake kilikuwa kimekauka, na siku nne nilikuwa nimeandika kwa penseli: hakuna mgeni. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu alijitembeza hasa, alipiga mabawa mpaka nikamwonea huruma. Asubuhi hiyo, baada ya mvua, alishuka kwenye kiota cha jirani kilichoanguka, akashika utepe kwa mdomo, akauvuta, akapumzika, akauvuta tena mpaka ukachomoka. Akaruka nao juu. Akaufuma kando ya mlango wake, akiupitisha huku na huku, namba yangu kumi na nne ikiangalia chini.

Kabla chai haijapoa, jike alikuja. Alitua mlangoni, akauvuta ule utepe mara mbili, akaingia.

Ba aliweka bakuli chini. "Nekesa, sikia. Si nyumba anapenda. Anapenda hiyo kamba yako."

Nilikumbuka kitambaa chekundu ndani ya mkoba, na Mzee Ondiek kwenye lango. Msimu mzima nilikuwa nimewavalisha maskini nguo za matajiri, kisha nikaandika kwa makini kwamba wanawake wa hapa hawachagui. Majike wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wanasoma alama iliyowalinda mama zao tangu zama, na mimi ndiye niliyeighushi. Mayai yaliyokuwa bakulini yalikuwa deni langu.

Mchana nilimpigia Mzee Ondiek simu Siaya. Nilitaka anithibitishie kwamba alitumia katani kwa sababu ya hekima fulani.

"Katani?" alisema. "Ilikuwa ndiyo iko kwa stoo."

Kisha akauliza, "Mutiso anajua?"

"Bado."

"Penseli unayo?"

"Ninayo."

"Basi andika kwanza, halafu ndio uende umwambie. Ukianza kwa kuongea utatafuta maneno tamu."

Nikaandika. Ukurasa mmoja: utepe ulianza lini, viota vipi, vipi vilianguka, namba kumi na nne iliibwa saa ngapi. Sikuiacha nafasi tupu hata moja. Kisha nilishuka mjini na ukurasa huo na kiota kimoja kilichoanguka ndani ya kikapu. Njiani, sauti fulani iliniambia kwamba hakuna anayejua isipokuwa bibi wa Parklands na mzee wa Siaya, na kwamba wote wawili hawatakuwa kwenye mkutano. Sauti hiyo ilikuwa na akili sana. Lakini mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeshaona kilichozaliwa kwa kufichwa.

"Prof, daftari za msimu huu zina makosa."

"Umekosea hesabu?"

"Hesabu ni sawa. Nimekosea mimi."

Nikaweka kiota mezani pake, juu ya karatasi za mada. Alisoma ukurasa wangu, akausoma tena. Akaugusa ule utepe kwa kidole.

"Unajua mada yangu iko kwenye ratiba? Imeshachapishwa."

"Najua."

"Na wewe mkataba wako unaisha lini, unajua?"

"Najua, Prof."

Alivua miwani akakitazama tena kile kiota. Nilikuwa na mtoto mdogo nyumbani wakati huo, na nilishaanza kupiga hesabu ya nauli ya Bungoma. Kisha akasimama na kuvaa koti.

"Tuna wiki tatu. Ngazi iko wapi?"

Tulitoa utepe wote siku hiyohiyo, Prof akiishika ngazi na mimi juu. Tulinunua katani mpya. Kisha tukaanza kuuliza swali upya, safari hii kwa makusudi. Viota vikavu vingine tulivifunga utepe wa kijani, vingine katani tupu. Vibichi tulivifunga katani. Ba aliweka sharti lake la pili: "Yai moja tena ikianguka, hakuna mtu wa chuo anaingia hapa." Kwa hiyo utepe ulikaa saa za asubuhi tu. Jike akiingia na kuvuta, tuliandika, kisha nikapanda kuutoa kabla hajaanza kutandika. Nilipanda na kushuka mpaka magoti yakawa na maoni yao.

Na ndege wakajibu. Penye utepe walikuja. Nikiutoa, waliondoka. Nikiuhamishia kiota kingine kikavu, tawi la pili, waliufuata huko. Kikavu chenye katani hakikupata hata wa kupita. Vibichi, bila msaada wa mtu, viliwapata vyenyewe na kubaki nao. Prof alikuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki, chai ya Ba mkononi, anarudia kwa sauti ya chini, "Ona. Ona. Ona." Asubuhi ya mwisho jike mmoja alivuta utepe, nikapanda nikautoa, akarudi, akatafuta mahali ulipokuwa, akavuta jani kavu likakatika mdomoni mwake. Akaruka moja kwa moja hadi kiota kibichi cha tawi la juu. Ba akapiga makofi.

Siku ya mkutano nilivaa viatu vyeupe, vya kanisa kwelikweli. Nilikaa nyuma, karibu na mlango. Ukumbi ulikuwa umejaa. Prof alipanda, akaweka kando karatasi zake.

"Nilikuwa nije niwaambie kwamba minana wetu hawajali kijani," alisema. "Fundi wangu amenizuia. Nekesa, njoo uwaeleze mwenyewe."

Sikumbuki nilivyofika mbele. Nakumbuka kwamba nilishika kiota mikononi na nikawaeleza kama ninavyowaeleza ninyi sasa: nilichofunga, kilichoanguka, aliyeiba, na tulichofanya baadaye. Nikawaambia kwamba njia ya mwongo ni fupi, na ya kiota changu iliishia kwenye mawe ya Parklands. Kwamba sasa tunajua jike anafuata rangi yenyewe, na tunajua ni kwa nini anaifuata, kwa sababu tumeona kinachompata rangi hiyo ikitolewa bila jasho. Swali tuliloliuliza kwa miaka lilikuwa limejibiwa na utepe wa kufungia makatoni.

Mgeni mmoja mwenye ndevu nyeupe alisimama. Aliuliza nina hakika gani kwamba ndege walifuata rangi, si zile namba nilizoandika.

"Katani nayo ilikuwa na namba kwenye bati," nilisema. "Halafu, kwa uzoefu wangu, minana hawajui hesabu."

Ukumbi ulicheka, na yule mgeni akacheka kuliko wote, kisha watu wakasimama mstari kwa mstari wakipiga makofi. Prof alikuwa anapiga makofi akinitazama mimi. Kandarasi yangu sitaieleza, niliahidi. Mimi ni mtu niliyestaafu juzi, hesabu ni yenu.

Baada ya mkutano nilimpelekea Ba habari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kuhusu yule mwizi wa namba kumi na nne. Nikamwambia tulipokichukua kiota kile pamoja na utepe wake, alifuma kipya kibichi, na jike akakubali siku hiyo hiyo. Ba aliridhika. Alifariki miaka mingi iliyopita, watoto wake wamejenga fleti, lakini mgunga wameuacha na kila masika una kelele.

Kile kiota cha mwizi mnakijua. Kiko kwenye kabati la kioo kwenye ukumbi wa idara, kikavu, utepe wa kijani umefumwa kando ya mlango. Prof alinitaka niandike maelezo ya kitaalamu. Niliyaandika, na asubuhi yake nikakuta ameyatoa na kuweka kadi yake mwenyewe, imeandikwa kwa penseli: Kosa la Nekesa. Nilikasirika kwa siku mbili. Kisha nikaona kila mwaka wanafunzi wapya wanaletwa mbele ya kabati hilo kabla ya kuonyeshwa kitu kingine chochote, na kila mwaka wanatoka pale wakijua jinsi uhai unavyochagua.

Siku yangu ya mwisho kazini nilikuwa napita ukumbini na funguo za stoo mkononi nikizirudisha. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wamezunguka kioo. Msichana mmoja akasoma kadi kwa sauti, akageuka akauliza wenzake, "Sasa huyu Nekesa ni nani?"

Niliinua mkono, nikauinua juu kabisa, funguo zikalia.